Kupiga picha za mtaani Mombasa msimu wa korona, 2021: vile mimi hufanya, hatua kwa hatua

Nna picha moja nlipiga Bamburi, pale bichi ya Pirates, Jumapili ya Pasaka mwaka wa 2021, tarehe 4 Aprili. Kijana amekalia tyubu sita za kuogelea zilizopangwa moja juu ya nyengine, miguu inaning'inia, maski iko kidevuni, na nyuma yake ni mchanga mtupu mpaka maji yanapoanzia. Ukiiona bila kuambiwa kitu utadhani ni alfajiri watu hawajafika, kumbe ilikuwa saa saba mchana wa sikukuu, siku ambayo miaka mengine hapo hupati pa kutia mguu. Nairobi na kaunti nne za jirani zake zilikuwa zimefungwa tangu Machi 26, wageni wa bara hawakuja, na yule kijana mpaka saa hiyo hajakodisha hata tyubu moja. Hayo yote kwenye picha hayapo. Nliyaandika usiku ule ule kwenye daftari, na bila lile daftari ingekuwa picha ya kijana amekaa, basi.

Naanza na hiyo manake mwaka huo watu waliniuliza sana, bro wapiga vipi picha za mtaani saa hizi, watu wamefunika nyuso, kafyu ipo, na kila mtu ana wasiwasi akikuona na kamera. Ntaeleza vile mimi hufanya, wewe chukua kinachokufaa. Simu yatosha, kamera pia sawa.

Hatua ya 1: Shika njia moja, uirudie

Usizunguke mji mzima. Chagua njia moja unayoweza kuitembea kwa miguu kila wiki, siku ile ile ikiwezekana, na uirudie mpaka watu wa pale wakujue. Yangu ya mjini naanzia Biashara Street kwenye maduka ya leso, navuka Digo Road niingie sokoni Marikiti, nashuka Langoni, napenya Kibokoni, natokea Ndia Kuu mpaka Ngomeni, yaani Fort Jesus, na nikiwa na nguvu naendelea Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari. Nyengine ni ya bichi, hiyo ntaifikia.

Sababu ya kurudia ni hii: mji wetu wabadilika na huwezi kuona mabadiliko ukipita mara moja. Angalia tu miaka ile michache. 2018 kaunti iliamuru majumba ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe na buluu, kwa hivyo picha yoyote ya mtaani ya kabla ya hapo waijua kwa kuta zake, manjano imechujuka, kijani, chokaa imebambuka. Mama Ngina ilitengenezwa upya ikafunguliwa Oktoba 2019, sherehe za kitaifa za Mashujaa zikafanywa pale pale, na miezi mitano baadaye korona ikaingia na ile sehemu mpya ikabaki tupu jioni. 2021 ulianza na daraja la kuelea la Liwatoni, watu wakaanza kuvuka kivuko cha Likoni kwa miguu. Yote hayo yalipandana na ile shida ya korona, huwezi kuyatenganisha, na ukiwa kila wiki uko kona ile ile basi utaona duka la vinyago karibu na Ngomeni limefungwa wiki tatu, alafu limefunguliwa nusu mlango, alafu mwenyewe ametundika maski za kitambaa mahali palipokuwa na twiga wa mbao. Hizo ni picha tatu za mahali pamoja, na kwangu mimi zina uzito kuliko mia za mahali mia.

Mfano mwengine. Mwaka mzima na zaidi matatu ya abiria 14 ilikuwa ibebe 8. Kulikuwa na viti vimepigwa alama ya X kwa selotepu, kondakta amesimama mlangoni na chupa ya sanitaiza. Nliona kitu cha kawaida sana, nikapiga picha nne tu. Agosti 2021 wakaruhusiwa kujaza tena na zile alama zikabanduliwa kwa wiki moja. Nimezitafuta stejini nipate hata gari moja lililobaki nazo, sijapata. Kwa hivyo kile unachokiona kila siku mpaka kimekuchosha, hicho ndo piga leo.

Hatua ya 2: Jua saa zako

Jua letu halina masihara. Tuko karibu na ikweta, linachomoza kati ya saa kumi na mbili kasoro na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na kutua ni hivyo hivyo jioni, na magharibi yenyewe ni fupi, ukizubaa dakika ishirini giza limeingia. Mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 10 Machi na mwanzo wa Oktoba, saa sita mchana jua lapita utosini kabisa, mtu akisimama kivuli chake kiko chini ya viatu. Saa hizo uso wa mtu aliyevaa kofia huwa mweusi tii, macho huyaoni, na kama ana maski basi umebaki na maski peke yake inang'aa kama taa.

Mimi hufanya hivi. Asubuhi saa kumi na mbili mpaka saa mbili na nusu niko nje, bichi au Marikiti. Mchana wa saa tano mpaka saa tisa naingia vichochoroni Mji wa Kale, pale nyumba zimekaribiana jua haliingii moja kwa moja, lapiga ukuta mweupe wa upande wa pili alafu larudi kwa upole kwenye uso wa mtu aliyekaa barazani. Huo mwanga ni mzuri sana na wengi hawaujui, waona mchana ni wa kulala. Rangi nyeupe zile za 2018 wengine waliziteta na mimi pia nlihuzunika, lakini kwa mwanga wa vichochoroni zimesaidia. Saa kumi mpaka magharibi nateremka Mama Ngina.

Usiku kulikuwa na kafyu. Wakati huo, 2021, ilikuwa saa nne usiku mpaka saa kumi alfajiri, hiyo ilikuwa nafuu, 2020 ilipoanza Machi 27 ilikuwa saa moja usiku na watu walikuwa wanakimbia. Nlikuwa nahesabu muda wa kurudi nyumbani, singojei dakika za mwisho. Mwisho ukiwa saa nne, saa tatu mimi nlikuwa nishapanda gari.

Kwa bichi lazima ujue maji. Muulize mvuvi yoyote au tazama mwezi: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yajaa sana na kupwa sana, na hapa kwetu kwenye bamvua maji hupwa kama saa nne saa tano asubuhi. Hapo bahari yaondoka mbali, watu watembea mpaka karibu na mwamba, na mchanga ule wa majimaji waakisi kila mtu kama kioo. Siku za maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, hapo picha za mbali hazina maana, kaa karibu na watu.

Tena bichi za kaskazini, Nyali, Bamburi, Shanzu, zote zimeelekea mashariki. Jua lachomoza baharini na kutua nyuma ya mahoteli, kwa hivyo ukitaka watu waonekane kama vivuli mbele ya mwanga nenda alfajiri, na jioni kuanzia saa kumi na moja hivi minazi na majengo yashatia kivuli mchangani. Watu huja jioni kutafuta machweo ya baharini pale, hayapo.

Hatua ya 3: Vifaa

Vichache. Simu au kamera moja na lenzi moja, betri ya akiba, kitambaa safi, mfuko wa plastiki unaofungika wa kuwekea kamera mvua ikija, maski mbili, sanitaiza ndogo. Basi.

Mambo matatu ambayo mimi yalinisumbua. Moja, maski yapeleka pumzi juu na kioo cha kamera unachochungulia chaingia ukungu, miwani pia. Bana waya wa pua vizuri, au tumia skrini badala ya kuchungulia. Mbili, simu inayofunguka kwa kutambua uso yaweza isikujue ukiwa na maski, na ukianza kubonyeza namba za siri mambo yashapita, kwa hivyo weka ile njia ya mkato ya kufungua kamera bila kufungua simu, nyingi ni kubonyeza kitufe cha kuwasha mara mbili. Tatu, ukitoka ndani ya ofisi au gari lenye eesii baridi lenzi yapata jasho hapo hapo kwa sababu ya joto la nje. Iache ndani ya mkoba uliofungwa dakika kumi na tano hivi, usiipanguse panguse.

Chumvi ya bahari ni adui. Ukirudi kutoka bichi panguza mwili wa kamera na kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji safi, ukaushe. Na wakati wa kusi upepo ukivuma usiivue lenzi mchangani hata siku moja.

Hatua ya 4: Salamu kwanza

Hapa ndo ntakaa kidogo, sababu nadhani ndo kila kitu.

Zamani kidogo, kabla ya maski, mtu akikuona na kamera ulikuwa wamchekea, naye acheka au akunja uso, mshajibizana, hakuna neno limetoka. Wakati wa korona kicheko chako kilifunikwa. Yeye aliona macho mawili na kamera, na watu walishachoka, wamesimamishwa, wameulizwa, wamepigwa picha na watu wasiowajua wakati wa shida zao. Mji wa Kale ulipofungwa Mei 2020, katikati ya Ramadhani, watu wa mle walijiona kwenye mitandao wakiwa nyuma ya vizuizi kama kwamba ugonjwa ni wao. Wazee wa Kibokoni wameniambia hilo jambo liliwauma mpaka leo. Kwa hivyo ukiingia kule na kamera shingoni jua kuna kitu kimekutangulia.

Basi tumia sauti. Toa salamu kabla hujafika, ukiwa hatua kama tano sita, kwa sauti ya kusikika manake maski yameza sauti. Asalaam aleikum, au hamjambo, au sabalkheri, kulingana na watu. Mkono weka kifuani badala ya kuutoa, wazee wa pwani wanaielewa hiyo na wanaipokea vizuri, na yazuia ile aibu ya mtu kutojua kama akushike mkono au asikushike. Mtu mzima mpe shikamoo yake. Simama mita moja na nusu. Subiri ujibiwe. Kamera iwe chini.

Kuna ami mmoja huuza kahawa chungu, hupita na dele lake, lile birika la kahawa, na vikombe vikigongana ukimsikia toka mbali. Mara ya kwanza nlimsalimia nikanywa kahawa nikaondoka. Ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu nikamwambia:

"Ami, nikikupiga picha ukimimina, hutaona vibaya?"

"Wanipiga ya nini?"

"Nataka watoto wetu waone kahawa ilivyouzwa mwaka wa korona."

Akanyamaza. Alafu akasema, "Haya, ngoja niivute maski vizuri, wasije wakasema mzee huyu hakujali watu."

Ile picha aliyovuta maski mwenyewe kwa kidole gumba, dele liko mkono wa pili, ndo picha nnayoipenda kuliko zote. Sikuipanga. Ingekuwa nimemvizia ng'ambo ya barabara na zumu singeipata.

Na wengine watakataa. Mama mmoja wa viazi karai aliniambia, "Mwanangu piga mikono, uso wangu uache." Nikapiga mikono, unga wa manjano umeganda kwenye vidole mpaka kwenye pete, mafuta yachemka chini. Nikamwonyesha kwenye skrini kwa mbali, akacheka. Akikataa kabisa, sema asante, nunua kitu kama ulikuwa utanunua, nenda zako, na kesho umsalimie vile vile kama kwamba alikubali. Wanawake wa buibui usiwapige karibu bila ruhusa, hata kama nuru imekaa sawa kiasi gani. Watoto, muulize mzazi, na kama mzazi hayuko hakuna picha.

Watu huuliza, na zile picha za ghafla, ambazo ukiomba ruhusa zaharibika? Mimi hupiga, barabara yenye watu wengi, mtu apita kwenye mwanga, sikimbilii kumwomba kabla. Lakini nikishapiga sijifichi. Nashusha kamera, namwangalia, naweka mkono kifuani. Akiuliza namwonyesha. Akisema futa nafuta mbele yake, na kwa simu nafungua ile sehemu ya picha zilizofutwa karibuni nafuta na pale, aone mwenyewe.

Hilo nalo nimefunzwa. 2020 mwezi wa tano nlipita mahali watu wamepanga foleni ya kupewa unga na mafuta, wamesimama kwenye duara za chokaa zilizochorwa chini, umbali sawa sawa, na kwa mpangilio ilikuwa picha nzuri. Nikapiga. Mwanamume mmoja wa makamo akatoka kwenye duara lake akaja, hakupandisha sauti. Akaniambia amekuwa mpishi hotelini miaka mingi, hoteli imefunga, watoto wake wana simu, na hii picha wataiona. Nikafuta zote, za yeye na za wengine. Sijapiga tena foleni ya msaada nyuso zikionekana. Ukitaka kuonyesha hali ile piga zile duara za chokaa watu wakishaondoka, mvua ya masika inavyozifuta. Hizo nnazo na zatosha.

Hatua ya 5: Mahali pa kutopeleka kamera

Feri ya Likoni na pale wanaposubiria watu, bandari ya Kilindini, kambi za jeshi la majini, Ikulu, vituo vya polisi, polisi wenyewe wakiwa kazini kwenye vizuizi.  Utapoteza siku nzima unaeleza wewe ni nani, na kamera yaweza kukaa huko. Hospitali, mazishi na watu wanaochanjwa waache pia, isipokuwa umealikwa na wenyewe.

Kisheria, katiba kifungu cha 31 chalinda faragha ya mtu, na tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Picha ya mtu ukitaka kuiuza kwa tangazo la biashara, pata ruhusa yake kwa maandishi. Hata kama hakuna sheria ningesema hivyo hivyo.

Hatua ya 6: Kupiga penyewe

Mwanga wa kwetu una tatizo moja ambalo watu wa kwengine hawalijui sana: buibui na kanzu. Kamera ikiona weusi mwingi yadhani ni giza, inaongeza mwanga, buibui latoka kijivu na ukuta nyuma umeungua mweupe. Ikiona kanzu nyeupe yapunguza, na uso wa mwenye kanzu wazama. Kwa hivyo buibui likijaza fremu punguza mwanga kama stopu moja, yaani ubaki nusu, kanzu ikijaza ongeza kidogo lakini chunga mikunjo ya kanzu isipotee. Kwa simu, gusa skrini kwenye uso wa mtu, hapo kati ya macho, shikilia mpaka ijifunge, alafu vuta chini taratibu mwanga upungue ukizidi. Maski za hospitali zile za buluu hafifu na nyeupe zang'aa sana kwenye ngozi zetu, ukiiachia simu iamue utapata maski nzuri na macho ambayo hayaonekani. Uso kwanza. Maski ikiungua kidogo si hasara.

Kwa kamera, mimi naweka lenzi ya milimita 28 inayoona pana, tundu la lenzi f/8, fokasi naifunga kama mita 3, shata (kasi ya kupiga) sekunde 1/250 kwa watu wanaotembea na 1/500 kwa watoto na tuktuk. Hapo kwa kamera ya fremu kamili, ile yenye sensa kubwa kama filamu ya zamani ya 35mm, kila kitu kuanzia kama mita moja na nusu kwenda mbali kiko wazi, sina haja ya kutafuta fokasi. Na angalia hiyo mita moja na nusu, ndo ule umbali tulioambiwa tukae. Mwanzoni nlikuwa naona umbali umeniharibia kazi, sasa naona umenipa nafasi ya kuonyesha mtu pamoja na mahali pake, mlango wake, ndoo yake ya kunawia yenye mfereji, bango la "bila maski hakuna huduma" limeandikwa kwa mkono. Vichochoroni panda ISO, ule wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 800 mpaka 1600, usiogope picha kuwa na chenga chenga.

Na nyuso zikiwa zimefunikwa, basi tafuta vyengine. Macho hufanya kazi ya uso mzima, yangojee. Mikono, watu waliongea kwa mikono zaidi wakati ule kwa sababu midomo haikuonekana, simama Marikiti uwatazame watu wa viungo wakipatana bei utaelewa. Namna mtu alivyovaa maski yenyewe: kidevuni, kwenye kiwiko, imetundikwa kioo cha tuktuk, imeshonwa kwa leso ile ile ya gauni. Mafundi wa Biashara Street walishona sana za vitambaa 2020, na 2021 za kiwandani zikazidi, hata hilo lilikuwa badiliko la kufuata.

Hatua ya 7: Bichi

Fika kabla ya jua. Saa hizo ni wavuvi wanarudi na mama karanga, wale wanawake wa kukaanga na kuuza samaki, wanawangojea na ndoo na beseni, na bei zinapatanwa hapo hapo kabla samaki hajagusa mchanga. Hawa hawakusimama kwa korona, watu hula samaki, lakini zamani sehemu kubwa ilikuwa yaenda mahotelini na mahoteli yalipofunga bei zikashuka, uliza nao watakueleza wenyewe vizuri kuliko mimi. Kaa chini, magoti mchangani, ili vichwa vya watu vipite juu ya mstari wa bahari. Ukipiga umesimama, mstari wa bahari wakata watu shingoni.

Baadaye kwenye saa tatu waja vijana wa bichi, wenye ngamia, wenye boti za kioo chini, wauza vinyago na vishikio vya funguo. Hawa kupigwa picha ni sehemu ya kazi, mwenye ngamia ana bei yake na mlipe, hiyo ni riziki yake na miezi mingi hakupata kitu. Kwa wengine mimi silipi kwa picha, nanunua. Dafu, mihogo ya pilipili na ndimu, kishikio. Ukianza kulipa picha, mtu ataanza kukupangia picha, atakaa vile adhani wataka. Lakini mtu asiye na kitu cha kuuza na amekupa nusu saa yake, usimwache mikono mitupu, hiyo kila mtu atumie akili na imani yake.

Wengi wa hawa watu wa bichi wameongea na wazungu maisha yao yote, Kijerumani, Kitaliano wakijua, na ukiongea nao Kiswahili cha nyumbani na kuwauliza za watoto, wanabadilika hata ukaaji wao. Subiri hapo. Acha kamera ilale kwenye paja.

Hatua ya 8: Usiku huo huo, daftari

Usilale kabla hujaandika. Tarehe, saa, mahali, mtu alikuwa nani, alisema nini, bei ya kitu kama ilitajwa, sheria gani ilikuwepo siku hiyo. Wakati ule nliandika kafyu saa ngapi. Misikiti imefunguliwa au la. Tulikuwa mwaka na nusu tu wa korona na tayari watu walibishana kwenye vikundi vya WhatsApp ni lini kafyu ilisogezwa. Simu yaandika saa yenyewe ndani ya faili lakini ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hizo habari zapotea, kwa hivyo faili la asili liweke mahali mbili, moja kwenye kompyuta na moja nje, diski au akaunti ya mtandaoni. Kila Ijumaa mimi nafanya hivyo.

Kuediti, kidogo tu. Usigeuze kila kitu cheusi na cheupe kwa sababu korona yahuzunisha. Leso zetu, kuta za buluu, achari nyekundu, hizo rangi ndo mahali penyewe. Na usizidishe rangi mpaka ngozi za watu ziwe za machungwa.

Kabla ya kuposti jiulize mwenye picha akiiona kwenye simu ya shemeji yake atajisikiaje. Ukisita, jiwekee mwenyewe, usiiposti.

Hatua ya 9: Rudisha picha

Chapisha ndogo ndogo studio, za kawaida zile, bei yake si kubwa, na umrudishie mtu yake. Kwa simu pia sawa lakini ya karatasi ni tofauti. Ami wa kahawa nlimpelekea yake ndani ya bahasha, akaifuta na upindo wa kikoi ingawa haikuwa na vumbi, akaitazama, akanambia, "Umenipiga siku ile nimetoka kumzika ndugu yangu." Sikujua. Tulikuwa tumeongea kahawa tu. Akaniomba nyengine moja ampelekee mjane.

Kwa hivyo sasa nachapisha mbili mbili, moja yake na moja yangu. Nyuma naandika tarehe na mtaa kwa maka ile isiyofutika, naacha ikauke kabisa kabla ya kuzipanga pamoja, manake kwa unyevu huu wa pwani wino mbichi wahamia kwenye picha ya chini. Naziweka kwenye kopo la biskuti lililofungwa vizuri na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu. Ya kijana wa tyubu bado iko kwangu. Nimeenda Pirates mara tatu sijamkuta, wenzake wasema amerudi kwao Kaloleni. Bahasha yake iko ndani ya mkoba wa kamera, na Disemba wageni wakija nadhani na yeye atakuja.